Dodoso refu la mtandaoni ambalo watu watalimaliza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayeomba ushauri kuhusu dodoso refu huambiwa neno moja: fupisha. Ni ushauri mzuri, na hapa chini nitaurudia. Lakini zipo kazi ambazo hata uzikate vipi hazishuki chini ya dakika ishirini, na mwenye kazi hiyo akiambiwa "fupisha" kwa mara ya kumi huwa hajasaidiwa chochote. Majibu haya ni yake. Wengine huliita hojaji. Mimi nimezoea dodoso, na ni kitu kilekile.

Dodoso refu ni lipi? Maswali mangapi?

Usihesabu maswali, hesabu dakika na jasho. "Una umri gani?" ni sekunde tatu. "Katika miezi 12 iliyopita umesafiri mara ngapi kwa shughuli za kazi?" linamlazimu mtu aanze kurudi nyuma mwezi baada ya mwezi kichwani, na akifika mwezi wa tano anakadiria. Kwenye orodha yako yote mawili ni swali mojamoja. Jedwali lenye mistari 12, kila mstari ukitaka jibu lake, nalo umeliandika kama swali namba 9, ila kwa anayejaza hayo ni maswali 12.

Kipimo ninachotumia mimi: chini ya dakika 10 ni fupi, kati ya 10 na 20 ni refu linalovumilika, na zaidi ya 20 unahitaji sababu ya maana na karibu kila mbinu iliyomo humu.

Jambo moja huwachanganya wengi. Wameona tafiti za nyumba kwa nyumba ambazo mahojiano huchukua saa nzima na watu wanamaliza, wakadhani mtandaoni itakuwa hivyohivyo. Kule kuna mtu amekaa mbele yako, umempa kiti, na ni aibu kumwambia aondoke katikati ya sentensi. Skrini haina uso. Kuifunga ni kidole kimoja tu, na hakuna atakayenuna.

Kwa nini watu huacha njiani?

Mara chache huacha kwa sababu wamechoka na urefu peke yake. Huacha kwenye ukurasa fulani, na ukurasa huo una kosa: swali lisiloeleweka, jedwali lisilotosha kwenye simu, swali linaloomba siri mapema mno, au swali ambalo tayari wameshalijibu kwa maneno mengine. Urefu ndio unaoyapa makosa hayo nafasi ya kutokea mara nyingi.

Fanya hesabu. Tuseme dodoso lina kurasa 30, na kila ukurasa unapoteza mtu mmoja katika kila 100 waliofika hapo. Waliofungua wakiwa 1,000, watakaofika mwisho ni kama 740. Sasa kurasa zako ziwe mbovu kidogo tu, kila mmoja upoteze wawili katika 100: wanabaki 545 hivi. Tofauti ya mtu mmoja kwa mia kwenye ukurasa, ambayo hakuna ambaye angeiona kwa macho, imekula karibu watu 200. Ndiyo maana ukiwa na dodoso refu huna ruhusa ya kuwa na "kaswali kadogo kabaya".

Kwa hiyo lengo ni watu wengi wamalize?

Hapana, na hili ndilo ningetaka ulibebe hata kama hutasoma zaidi ya hapa. Anayeacha njiani anakuachia pengo unaloliona. Anayemaliza bila kusoma anakuachia majibu yanayofanana kabisa na majibu ya kweli. Wa pili ndiye hatari.

Kiswahili kina jina zuri la tabia hiyo: kujibu bora liende. Wataalamu wana la kwao la Kiingereza, satisficing. Herbert Simon, mwanauchumi wa Marekani, alionyesha miaka ya 1950 kwamba watu wakiamua mambo hawatafuti lililo bora kuliko yote, hutafuta la kutosha wasonge mbele. Mwaka 1991 Jon Krosnick akalipeleka wazo hilo kwenye madodoso: swali likiwa gumu, hamu ikiwa ndogo au uwezo ukiwa haba, mtu huchukua jibu la kwanza linaloelekea kufaa, huchagua katikati, hukubali kila anachoambiwa, au hubofya "sijui" apite.

Mirta Galesic na Michael Bosnjak walilipima jambo hili mtandaoni, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Waliwatangazia watu muda tofauti (dakika 10, 20 au 30) na kubadilisha mpangilio wa sehemu za dodoso, ili swali lilelile likutane na wengine mapema na wengine mwishoni. Kadiri muda uliotangazwa ulivyokuwa mrefu, ndivyo walioanza na waliomaliza walivyopungua. Na maswali yaliyowekwa mwishoni yalijibiwa haraka zaidi, kwa maneno machache zaidi, na kwa majibu yaliyofanana zaidi. Yaani hata wale waliobaki walikuwa wamekwisha ondoka kimawazo.

Kwa hiyo kila mbinu ijaribu kwa swali hili: inamsaidia mtu afikiri hadi mwisho, au inamsukuma tu afike mwisho?

Kila mwenzangu kwenye timu anatetea swali lake. Nikate vipi?

Usibishane kuhusu maswali. Omba majedwali matupu. Kila mwenye swali achore jedwali au mchoro atakaoutumia kwenye ripoti, ukiwa na vichwa vya safu bila namba, kisha aandike sentensi mbili: namba zikija hivi tutafanya nini, zikija vile tutafanya nini. Asiyeweza kuchora hana haja na swali, ana udadisi. Udadisi si dhambi, lakini alipie mwenyewe, asilipiwe na watu 1,000 kwa dakika zao.

Baada ya hapo tafuta unayoyajua tayari. Ikiwa mialiko inatoka kwenye orodha ya wateja au wanachama, pengine unajua wamejiunga lini na wanatumia huduma gani. Kumwuliza mtu jambo ambalo umeliandika wewe mwenyewe ni njia ya haraka ya kumwambia kwamba humjui. (Kama umeahidi kwamba majina hayataunganishwa na majibu, basi huwezi kuziunganisha rekodi hizo kinyemela. Ama uombe ridhaa, ama uulize.)

Kisha tazama maswali pacha. "Umeridhika kiasi gani na huduma?" na "Huduma yetu unaionaje kwa ujumla?" Kwako ni vitu viwili, umevitenganisha kwa nadharia. Kwake ni swali moja lililoulizwa mara mbili, na mara ya pili anahisi unamtega.

Nimekata nimechoka, bado ni dakika 35. Sasa?

Sasa acha kumwuliza kila mtu kila kitu. Hii ndiyo mbinu yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa kidogo kuliko zote, labda kwa sababu huleta kazi zaidi kwa mtafiti kuliko kwa anayejaza.

Chukua dodoso la maswali 60. Tenga 20 ambayo lazima kila mtu ajibu: sifa za msingi na vipimo vikuu. Arobaini yaliyobaki yagawe mafungu manne ya maswali 10: A, B, C na D. Kila mhojiwa apewe maswali ya msingi na mafungu mawili yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na programu. Anajibu 40 badala ya 60. Jozi za mafungu ni sita, kwa hiyo ukipata watu 1,200, kila jozi itakuwa imejibiwa na watu 200 hivi na kila fungu na watu 600 hivi. Bado unaweza kulinganisha swali la fungu A na la fungu D, maana wapo watu 200 walioyaona yote mawili.

Mbinu hii si ya vichochoroni. PISA, ule mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, huwagawia wanafunzi mafungu tofauti ya maswali ya mtihani, na mwaka 2012 hata dodoso la wanafunzi liligawanywa kwa mzunguko wa namna hii. Gharama yake ni kwamba idadi ya watu kwa kila swali hupungua na uchambuzi unataka mtu anayejua kushughulikia data zenye mapengo ya makusudi. Kama kundi lako zima ni watu 150, achana nayo.

Njia nyingine ni kuligawa dodoso kwa muda: sehemu ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki. Inafaa pale tu ambapo watu wana uhusiano na wewe, kama wanachama au jopo la wahojiwa waliojiandikisha. Kwa wageni, hesabu kwamba wengi wa wiki ya pili hawatarudi.

Niwaambie ukweli kuhusu muda? Nikisema dakika 25 watakimbia.

Wengine watakimbia, ndiyo. Waambie.

Ukisema dakika 10 na mtu akaona dakika ya 14 inapita bado yuko katikati, umempoteza yeye na umempoteza kwa dodoso lako lijalo. Au atabaki kwa hasira, akibofya bora liende. Dodoso ni mgeni nyumbani kwa mtu: aliyesema analala siku mbili akabaki wiki hakaribishwi tena, hata kama alikuja na zawadi.

Muda wenyewe usiukisie. Utoe kwenye majaribio: panga muda wa kila mtu kuanzia mfupi hadi mrefu, uchukue ulio katikati kabisa. Usichukue wastani, kwa sababu yuko mmoja aliyeacha ukurasa wazi akaenda kupika, na dakika zake 190 zitaharibu hesabu nzima. Kisha tangaza masafa: "watu wengi hutumia dakika 20 hadi 25".

Nianze na nini?

Anza na swali linalohusu hasa kile ulichomwitia, jepesi, la kuvutia, ambalo kila mtu ana jibu lake. Umemwalika azungumzie usafiri wa kwenda kazini. Swali la kwanza liwe namna alivyokwenda kazini leo. Nimeona madodoso mengi yanayoanza na jinsia, umri, elimu, kipato, ndoa, idadi ya watoto. Huo ni ukaguzi wa uhamiaji. Mtu alikuja kutoa maoni, anajikuta anajaza fomu.

Taarifa binafsi ziende mwishoni, mahali ambapo mchoko hauziharibu sana: hata aliyechoka anajua umri wake. Isipokuwa tu unapozihitaji kumchuja mtu au kumpeleka kwenye maswali yake. Hapo uliza zile chache zinazohitajika na uache nyingine.

Maswali mazito ya kufikiri yaweke robo ya kwanza hadi katikati, baada ya mtu kupata joto na kabla hajachoka. Na ukiwa na mafungu yasiyotegemeana, yabadilishe mpangilio kwa bahati nasibu ili fungu moja lisibebe uchovu wote kila mara.

Angalia pia swali moja linavyolipaka rangi linalofuata. Fritz Strack, Leonard Martin na Norbert Schwarz walionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi wakiulizwa kwanza wanatoka mara ngapi na wapenzi, kisha wanafurahia maisha kiasi gani, majibu mawili hayo hushikana sana: wanaotoka mara nyingi husema wanafurahia zaidi. Ukigeuza mpangilio, ushikano karibu unatoweka. Kwa hiyo la jumla liulize kabla ya mahususi.

Majedwali yana ubaya gani? Yanaokoa nafasi.

Yanaokoa nafasi yako. Jedwali ni mahali ambapo bora liende huzaliwa: mtu anaona safu ya miduara, anachagua nguzo moja na kushuka nayo moja kwa moja hadi chini. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu vichwa vya safu vinapotea juu na mtu anabofya asichokumbuka maana yake.

Kama huna budi, mistari isizidi mitano au sita, na maneno ya kila mstari yawe mafupi. Iliyo bora kwa simu ni kuonyesha kila kauli peke yake na majibu yake chini, moja baada ya nyingine. Itaonekana ndefu kwako unayeitazama kwenye kompyuta. Anayejaza hatahisi hivyo.

Ndugu yake jedwali ni "chagua yote yanayokuhusu" yenye orodha ya vitu 18. Watu huchagua vichache vya juu na kusonga. Ukiuliza kila kitu kwa ndiyo au hapana, watu hutumia muda zaidi na hutaja vitu vingi zaidi. Kwa hiyo punguza orodha kwanza, ndipo uulize ndiyo au hapana.

Ule mstari unaoonyesha mtu amefika wapi unasaidia?

Kuliko wengi wanavyoamini, hausaidii sana. Ana Villar, Mario Callegaro na Yongwei Yang walikusanya majaribio 32 ya jambo hili na kuyachapisha pamoja mwaka 2013. Mstari wa kawaida, unaosonga sawasawa, haukupunguza kwa kiasi cha maana watu wanaoacha. Ule unaoanza kwa kasi kisha ukapunguza mwendo ulipunguza wanaoacha, na ule unaoanza polepole kisha ukaharakisha uliwaongeza.

Kishawishi sasa ni kuuchezea mstari ukimbie mwanzoni. Mimi siufanyi huo ujanja. Ni uongo uleule wa "dakika 10" kwa sura nyingine. Ninachofanya ni kutumia vichwa vya sehemu: "Sehemu ya 3 kati ya 5: Afya ya familia", na sentensi moja ya kupumzisha macho. Angalia tu programu yako inavyohesabu. Dodoso lenye maswali ya kurukwa, yaani yasiyoonyeshwa kwa asiyehusika nayo, laweza kuonyesha asilimia 40, kisha mtu akabofya "hapana" na kujikuta kwenye 75. Hilo halimuudhi mtu. La kinyume chake ndilo linaloudhi.

Niyafanye maswali yote ya lazima?

Usithubutu. Swali la lazima ambalo mtu hana jibu lake lina milango miwili tu: kuondoka au kudanganya. Weka lazima kwenye maswali yanayoamua njia ya mtu ndani ya dodoso, basi. Kwengineko, akiacha wazi, programu imkumbushe mara moja kwa upole na imruhusu apite. Maswali ya siri yawe na "nisingependa kusema".

"Sijui" ni habari nyingine. Kwenye swali la ukweli, kama mwaka nyumba ilipojengwa, iweke, kwa sababu kutojua ni jibu halali. Kwenye swali la maoni mepesi ambayo kila mtu anayo, inakuwa kichochoro cha aliyechoka.

Kipimo cha majibu kiwe cha alama 5, 7 au 10?

Chagua kimoja na ushikamane nacho. Rensis Likert, mwanasaikolojia wa Marekani, alipoleta kipimo chake cha maoni mwaka 1932 alitumia alama tano, na kwa kazi nyingi tano au saba zinatosha. Kila alama ipewe maneno yake badala ya namba tupu. Kibaya kwenye dodoso refu ni kubadilisha badilisha: hapa 1 ni nzuri, pale 1 ni mbaya, kule kuna nyota. Kila badiliko ni somo jipya kwa mtu asiye na hamu ya masomo.

Punguza pia "nakubali/sikubali". Aliyechoka hukubali. Badala ya "Maelekezo yalieleweka: nakubali/sikubali", uliza "Maelekezo yalieleweka kiasi gani?" na majibu yaanze na "hayakueleweka kabisa".

Maswali ya kuandika kwa maneno yangapi?

Mawili, labda matatu. Lile unalolitaka sana liweke kabla ya nusu ya safari, na kisanduku chake kiwe kikubwa kadiri ya jibu unalolitarajia. Kisanduku cha mstari mmoja hupata jibu la neno moja. Mwisho kabisa acha kisanduku kimoja cha "kuna jambo hatukuuliza?" Sehemu kubwa itakuwa tupu. Sehemu ndogo itakufundisha kosa lako.

Wengi watajaza kwa simu?

Chukulia hivyo. Lisanifu kwenye simu kwanza, na usilipitishe mpaka umelijaza wewe mwenyewe lote kwa kidole gumba, ukiwa umesimama, kwenye intaneti ya kusuasua. Picha nzito, video inayojicheza yenyewe na kile kitelezi cha kuburuta kwa kidole vyote vipunguze. Kurasa ziwe fupi, zisiwe na swali mojamoja kiasi kwamba mtu anasubiri ukurasa ufunguke mara 60.

Zawadi zinasaidia?

Zinasaidia watu kuanza, na kwa kiasi fulani kumaliza. Kwenye madodoso ya posta, Allan Church alipokusanya tafiti zilizokuwepo mwaka 1993 alikuta kwamba zawadi iliyoambatanishwa na dodoso tangu mwanzo iliongeza wanaojibu, ilhali ile iliyoahidiwa baada ya kujibu haikuongeza kwa kiasi cha kutajwa. Mtu aliyekwisha pokea anahisi deni. Mtandaoni kutanguliza zawadi kwa wasiojulikana ni kugumu, na kiungo cha wazi chenye zawadi huvutia watu wanaojaza mara tano na programu zinazojijazia zenyewe. Kama unatoa zawadi, kila mtu apewe kiungo chake kinachofungwa baada ya matumizi.

Kuna malipo mengine ambayo watu husahau: kurudisha matokeo. Ahidi ukurasa mmoja wa matokeo, na uutume kweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mtu aweze kuhifadhi na kurudi baadaye?

Ndiyo, bila swali, kwa chochote kinachozidi dakika 15. Kiungo kimrudishe pale alipoishia, na umwambie hilo mwanzoni. Ukumbusho uende kwa ambao hawajamaliza tu, mara mbili au tatu, siku na saa tofauti, na maneno yabadilike. Aliyefika nusu aandikiwe tofauti na ambaye hajafungua: "Umebakiza sehemu mbili, kama dakika 9." Kumkumbusha aliyekwisha maliza ni fedheha.

Nilifanyie dodoso majaribio vipi kabla ya kulituma?

Kwa hatua mbili, na hakuna ya kuruka.

Kwanza keti na watu watano au sita wanaofanana na wahojiwa wako, mmoja mmoja, wajaze huku wakisema kwa sauti wanachofikiri. Wewe nyamaza. Hili la kunyamaza ndilo gumu. Mara ya kwanza nilijikuta naeleza kila swali, mpaka nikatambua kwamba sitakuwepo kuwaelezea wale wengine. Mtu akisoma swali mara mbili, swali hilo ni bovu. Akicheka, ni bovu zaidi. Muulize baadaye: "Neno 'kaya' ulilichukuliaje?" Utashangaa.

Pili, fungua kwa watu 50 hadi 100 wa kweli, usimame siku moja. Tazama ukurasa gani umewapoteza wengi, swali gani limeachwa wazi, jibu gani halijachaguliwa na yeyote, ukurasa gani umekula dakika. Kisha rekebisha. Wenzako kazini hawatoshi kwa hatua yoyote kati ya hizi mbili, maana wao wanajua ulichotaka kusema.

Niweke maswali ya mtego, kama "chagua jibu la tatu hapa"?

Moja linatosha kwenye dodoso refu, na liwe la adabu. Mitego mingi huwaudhi wale makini, ambao ndio unaowataka. Unaweza kuwatambua waliojibu bora liende bila mtego wowote: muda wa theluthi moja ya ule wa katikati au chini yake, nguzo moja kwenye majedwali yote, majibu yanayopingana, upuuzi kwenye visanduku vya maandishi. Dalili moja isikufanye umfute mtu, kwani wapo wanaosoma haraka na wapo walioridhika kweli na kila kitu. Dalili mbili au tatu kwa pamoja, mfute. Amua kanuni kabla ya kutazama majibu, la sivyo utajikuta unawafuta wasiokubaliana nawe.

Nikipata majibu mengi sana, je, walioacha bado wana maana?

Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni kama milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda urais. Mpinzani wake, Franklin Roosevelt, alichukua majimbo 46 kati ya 48. Orodha ya anwani ilikuwa na kasoro, na waliojibu hawakufanana na ambao hawakujibu.

Kwa hiyo linganisha waliomaliza na walioacha, kwa yale uliyonayo: umri, aina ya simu, jibu la swali la kwanza. Ikiwa wanaoacha ni vijana, au ni wale waliosema hawajaridhika, ripoti yako ina tatizo ambalo maelfu ya majibu hayalifuti.

Nimeshatuma, 300 wamejibu, nimegundua swali lina kosa. Nirekebishe?

Kama ni herufi iliyokosewa, rekebisha na uendelee. Kama maana inabadilika, usilihariri swali lilelile, maana utachanganya majibu mawili tofauti ndani ya safu moja na hutaweza kuyatenganisha tena. Lifiche la zamani, ongeza jipya kwa jina lake, andika saa uliyobadilisha. Na kama kosa ni njia ya kuruka iliyowapeleka watu kwenye maswali yasiyo yao, simamisha dodoso kwanza, urekebishe, kisha uwaandikie walioathirika ujumbe mfupi wa kuomba radhi, wenye kiungo cha yale maswali machache tu waliyoyakosa.